Kumpeleka mzazi mzee melini Ziwa Nyasa: ogopa ngazi kuliko mawimbi

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Mbeya, na wengi ninaowahudumia ni watu wazima wenye magoti yaliyochoka, nyonga zinazouma, au kiharusi kilichoacha upande mmoja mzito. Watoto wao wakija likizo kutoka Dar au Dodoma, huniuliza kama inafaa kumpeleka baba au mama Kyela akapande meli japo mara moja. Mara nyingi najibu inafaa. Ila wao wanaogopa mawimbi, mimi naogopa ngazi.

Mzee akishakaa kwenye kiti melini, hana shida kubwa. Anaanguka pale anapohama: kutoka mlango wa Coaster kwenda chini, kutoka gatini kuingia melini, kutoka kitini kwenda chooni, kutoka botini kwenda mchangani. Kwa hiyo safari ipangwe kwa kuhesabu sehemu hizo, na zile zinazoweza kuondolewa ziondolewe.

Anzeni nyumbani. Weka kiti imara, pima mita 3 sakafuni, weka alama. Mwambie ainuke, atembee hadi kwenye alama kwa mwendo wake wa kawaida, ageuke, arudi akae. Ikimchukua sekunde 12 au zaidi, yuko kwenye kundi la wanaoanguka kirahisi. Si kwamba asiende. Ni kwamba melini hatembei hata hatua moja bila mtu wa kumshika. Mimi hata saa siitazami sana, natazama anavyogeuka. Akigeuka kwa vihatua vingi vidogo huku mkono unatafuta ukuta, nimeshajua. Tazama pia anavyoinuka. Akihitaji kusukuma kiti kwa mikono yote miwili, choo cha kuchuchumaa kitamshinda, na njiani vyoo vya namna hiyo ni vingi. Ulizeni mapema vyoo vya bandarini na melini vikoje.

Sasa safari yenyewe. Meli ya MV Mbeya II, iliyojengwa palepale bandari ya Itungi, Kyela, inachukua abiria 200 na tani 200 za mizigo. Tani hizo usizisahau, maana siku ya meli bandarini kuna magunia, ndoo, madumu na watu wenye haraka zao. Fikeni mapema, mtafuteni mhudumu wa meli, mwelezeni mna mtu mzima, muombe apande kabla ya msongamano. Wakati wa kushuka, bakini mmekaa mpaka wenye mizigo wamalize.

Njia yake hupita Matema, Lupingu, Manda na Liuli hadi Mbamba Bay. Kwa mzee sipendekezi yote hiyo. Kipande cha kwanza tu, kutoka Kyela hadi Matema, kinamtosha: milima ya Livingstone inasimama pembeni ya maji kiasi kwamba haihitaji hata kugeuza shingo kuiona, Matema kuna barabara ya kurudi kupitia Ipinda, na kuna hospitali ya Kanisa la Kilutheri. Kabla ya kuondoka Mbeya piga simu bandarini uulize mambo mawili: meli inaondokea bandari ya Itungi au ya Kiwira, na mnakoshukia inafunga gatini au abiria wanashushwa kwa boti ndogo. Hilo la pili ni kubwa kuliko nauli.

Msimu nao una maneno yake. Ziwa hili ni jembamba lakini refu, zaidi ya kilomita 550 kutoka kaskazini hadi kusini. Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini, mwera, unasukuma maji urefu wote huo, na mawimbi yanakuja kuishia huku kwetu kaskazini, Kyela na Matema. Machi hadi Mei ni mvua za Kyela, na anayezijua hahitaji kuelezwa. Mimi huwaambia watu Septemba au Oktoba.

Kuna jambo watu hawalitarajii: wazee hawachafukwi moyo na mawimbi kama watoto. Uwezekano huo hupungua kadiri umri unavyokwenda. Kinachowaumiza zaidi ni dawa wanazonunuliwa ili wasitapike. Prometazini, kwa mfano, inaweza kumchanganya mzee akili, ikamlegeza, ikamzuia kukojoa hasa kama tezi dume yake imevimba, na akisimama akayumba. Usimpe kwa sababu jirani alimpa wa kwake. Mkalishe katikati ya meli, sitaha ya chini, karibu na choo, uso uelekee meli inakokwenda. Katikati na chini ndiko kunakoyumba kidogo. Atazame milima ya mbali, si simu. Tangawizi haina ubaya.

Na maji! Mama zetu wana tabia ya kukataa kunywa tangu alfajiri ili wasisumbue watu njiani kutafuta choo. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ziwa liko chini ya 500. Mama anaondoka Uyole na sweta na vitenge viwili, Tukuyu bado anasikia baridi, akifika Kyela anapikwa na joto akiwa hajanywa kitu, na asubuhi amemeza dawa ya presha inayotoa maji mwilini. Anakaa vizuri tu. Halafu meli inafika, anaambiwa simama, presha inashuka ghafla, macho yanaingia giza, na hapo ndipo ngazi ilipo. Mnyweshe kidogo kidogo njia nzima. Mpeleke chooni meli ikiwa bado imefungwa gatini. Kabla ya kumsimamisha, akanyage visigino na vidole mara kadhaa akiwa amekaa, kisha asimame atulie kidogo ndipo apige hatua. Saa za kumeza dawa aulizwe daktari wake kabla ya safari, msizibadilishe wenyewe stendi ya Nane Nane.

Ngazini, mguu mzima hutangulia kupanda, mguu mbovu hutangulia kushuka. Fimbo hushikwa mkono wa upande wa mguu mzima. Msaidizi hukaa upande wa chini siku zote: nyuma yake akipanda, mbele yake akishuka. Zile ngazi za wima ndani ya meli hushukwa kinyumenyume, na kama hazimlazimu asiziguse. Usimvute mkono, bega la mtu wa miaka themanini halitaki utani huo. Mfunge khanga kiunoni juu ya nguo, fundo la nguvu, ushike kwa nyuma kiganja kikitazama juu. Akiyumba unamrudisha kiunoni, kwenye uzito wake. Mwanamume, mkanda imara wa suruali unafanya kazi hiyo hiyo.

Hapo ndipo linakuja suala la nani anaambatana naye, na sisi wa huku tulizungumze wazi. Kwa Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe wana mwiko wao wa kutokaribiana, na wazee wengi bado wanauheshimu hata kama vijana wameulegeza. Ukimtuma mke wako peke yake akamshike baba yako kiunoni ngazini, baba atakataa, ataamua kujikaza, na ataanguka. Mtoto wake wa kuzaa aende, au mjukuu wa kiume mwenye nguvu. Mzee na mjukuu wanataniana, hata habari ya chooni inapita na vicheko.

Mkifika Matema mtashawishiwa boti ya kwenda Ikombe kuona Wakisi wakifinyanga vyungu. Kuzuri. Lakini kiboti kinachoonekana rahisi ndicho kigumu kuliko meli, maana hakuna gati: mnaingia majini, mnanyanyua mguu kuvuka ubavu. Chukueni stuli ya plastiki, muiweke penye maji ya kina kifupi, watu wawili waishikilie pamoja na boti. Mzee akanyage stuli, akalie ubavu wa boti kwanza, ndipo azungushe miguu ndani. Jaketi okozi avae akiwa nchi kavu, mikanda ikazwe, hasa mwenye mgongo uliopinda maana kwake hupanda hadi kidevuni. Akitoka mfuteni miguu ikauke, ziwa hili lina kichocho. Usiku alale ndani ya chandarua.

Kurudi Mbeya, miguu yote miwili ikivimba sawasawa baada ya kukaa sana, mnyanyulie juu ya mito. Mguu mmoja tu ukivimba, ukauma au kupata joto, ni hospitali siku hiyo hiyo, na msiuchue. Homa ikimjia ndani ya wiki chache, apimwe malaria, na mwambieni daktari alikuwa Kyela.