Mzee yuko Texas na pesa ni kidogo, hiyo I-864 itapita aje?

Mama mmoja alipanda ngazi mpaka ofisini kwangu hapa Oginga Odinga Street, Kisumu, mwaka wa 2025, ametoka Maseno na matatu ya asubuhi, bahasha ya kaki ameikumbatia kifuani. Kabla hata hajakaa akaniambia, "Madam, nimeambiwa kesi yangu imekufa. Mzee wangu hana pesa."

Nimefanya hii kazi ya makaratasi ya viza za familia miaka mingi na hayo maneno nayasikia karibu kila wiki. Mtu ameoa au ameolewa, harusi ya kanisa ilifanyika au mahari ilipelekwa na ndoa ikaandikishwa, mwenzake ni raia wa Marekani sasa, I-130, ile fomu ya kumwombea mwenzake, imepita, halafu inafika ile hatua ya pesa, I-864, fomu ambayo huyo raia kama sponsa anaahidi kumtunza anayekuja, na kila mtu ananyamaza. Mume anaona aibu kusema anapata ngapi, mke anaogopa kuuliza, na jirani wa saiba amewaambia ati bila elfu hamsini za dola wasijisumbue. Hiyo ya elfu hamsini haiko popote.

Kiwango chenyewe ni hiki. Serikali ya Marekani kila mwaka hutoa kiwango cha umaskini, na sponsa anatakiwa aonyeshe mapato ya mwaka yanayofika asilimia 125 ya hicho kiwango, kulingana na watu anaowabeba. Kwa 2025, watu wawili, yaani yeye na mke anayekuja, kiwango kilikuwa dola 21,150, ongeza robo unapata 26,437. Watatu ni 33,312. Mwanajeshi aliye kazini anayemleta mke au mume yeye anahitaji asilimia 100 tu. Kila mwaka namba zinabadilika kwa hivyo usitumie za rafiki yako aliyepita 2022.

Sasa huyu mzee wa Texas tulimpigia kwa WhatsApp hapo hapo, alikuwa ndani ya gari amepaki, simu ameiweka kwa dashibodi, anaendesha Uber. Nikamuuliza mwaka wa 2024 uliingiza ngapi. Akasema, "Dada, mimi huingiza zaidi ya elfu tatu kwa mwezi, shida iko wapi?" Na alikuwa anasema ukweli, jumla ilikuwa dola 39,000. Lakini nilipomwambia anitumie ritani yake ya ushuru nikaona shida mara moja. Alikuwa ameendesha maili 36,000 za kazi, na kila maili mwaka huo ilikuwa inakatwa senti 67 kama gharama, hiyo ni dola 24,120 imetoka. Kwa ushuru hiyo ni nzuri sana, analipa kidogo. Kwa I-864 inakuumiza, kwa sababu mtu aliyejiajiri anahesabiwa kile kinachobaki baada ya gharama, na wanasoma mstari wa 9 wa fomu 1040, ndiyo hiyo ritani, wa kwake ulikuwa umeandikwa 14,880. Hapo ndipo "hana pesa" ilitoka. Hakuna mtu aliyekuwa amemweleza, aliyemfailia alimsaidia kwa ushuru na hakujua kuna mke anangoja Maseno.

Nikamuuliza swali ambalo huwa nauliza kila mtu, hapo kwa nyumba unaishi na nani? Akasema ni mimi na ndugu yangu mdogo tu. Huyu mama akageuka akaniangalia, "Huyo? Huyo si ni mtoto, madam, mimi ndiye nilikuwa namtumia pesa ya sabuni akiwa bording." Mtoto mwenyewe ana miaka 27, anafanya kazi kwa ghala, na W-2 yake, ile karatasi ya mwajiri ya mapato ya mwaka, ilikuwa dola 31,000.

Hii watu wengi hawaijui kabisa. Mtu wa familia anayeishi nyumba moja na sponsa anaweza kusaini fomu ya I-864A na mapato yake yanaongezwa juu ya ya sponsa, sio lazima afikishe kiwango peke yake. Kwa hivyo 14,880 na 31,000 ni 45,880, watu wanahesabiwa watatu kwa sababu ndugu naye ameingia, kinachohitajika ni 33,312, imepita na imebaki. Yule mama aliweka bahasha chini kwa mara ya kwanza tangu aingie.

Lakini lazima uthibitishe mambo mawili, kwamba mnaishi pamoja na kwamba ni ndugu kweli. Ya kwanza ilikuwa rahisi, leseni zote mbili zina anwani moja na majina yote mawili yako kwa mkataba wa nyumba. Ya pili ndiyo ilitutoa jasho. Cheti cha kuzaliwa cha mzee kinaonyesha mama yao kwa jina lake la Kijaluo na la baba yake, cha mdogo kinaonyesha jina la ubatizo na la mume. Ukiangalia hivyo vyeti viwili unaona wanawake wawili. Huku kwetu hiyo ni kawaida kabisa, kila karani aliandika vile aliambiwa siku hiyo, lakini mtu anayesoma faili akiwa ng'ambo hajui hiyo. Ikabidi mama mkwe mwenyewe aje kutoka Seme, akaja na kitambulisho kimefungwa kwa leso, tukaenda kwa wakili akaapa kwamba hayo majina yote ni yake na hao wote wawili amewazaa yeye, na kitambulisho kwa bahati kilikuwa na majina yote. Ushauri wangu: toa hivyo vyeti kwa sanduku mapema, vilaze mezani pamoja, soma herufi kwa herufi kabla hujalipa hata senti.

Na kama hakuna ndugu kwa nyumba basi tunaenda kwa sponsa wa pili, na hapa nataka tukae kidogo maana hapa ndipo watu wetu wanaumizana.

Sponsa wa pili anaweza kuwa mtu yeyote, sio lazima awe wa familia, mradi ni raia au ana grin kadi, amefika miaka 18, anaishi Marekani, na mapato yake peke yake yanatosha kubeba nyumba yake pamoja na huyo anayekuja. Haunganishi ya kwake na ya mume. Na mume bado atasaini I-864 yake, hata kama mapato yake ni sufuri, hata kama amepoteza kazi jana. Nimeona mafaili yamerudi kwa sababu mtu alifikiri akipata anti nesi mwenye mshahara mzuri basi yeye ametoka kwa hiyo hesabu. Hujatoka.

Hesabu ya anti nayo ina mtego. Wacha nichukue mfano wa nesi ambaye ukoo mzima unamjua, yule ambaye kila mtu akikwama anapigiwa. Yeye na mume na watoto watatu ni watano. Miaka minne iliyopita alimsainia bibi ya binamu yake, na huyo bado hajawa raia, kwa hivyo bado anahesabiwa, sita. Ongeza wewe, saba. Kwa saba kiwango cha 2025 ni dola 60,812. Ile 26,437 uliyokuwa umeshika kichwani haina uhusiano na yeye tena. Muulize, kwa heshima, umewahi kumsainia mtu mwingine? Asikie ni swali la kumsaidia yeye.

Halafu mwambie anasaini nini. Huo ni mkataba kati yake na serikali ya Marekani, na unaendelea mpaka yule aliyeletwa awe raia, au afikishe robo mwaka 40 za kazi ambazo kwa kawaida ni kama miaka kumi, au aondoke nchini moja kwa moja na kuachana na grin kadi, au mmoja wao afe. Talaka haimo hapo. Mkiachana na bwana yako baada ya miaka miwili, huyo anti bado amekubeba. Ukichukua ile misaada ya serikali inayotolewa kwa wasio na kipato, ofisi iliyoitoa inaweza kumdai yeye, na wewe mwenyewe unaweza kumpeleka kortini akutunze.

Kuna dada mmoja nesi alinipigia saa nne usiku, saa zetu, analia. Alikuwa amemsainia bibi ya mtu kwa sababu shangazi yake wa Kakamega alimwambia ni "kusaini tu kama refa," yaani mtu wa kumtambulisha. Huyo bibi na bwana yake wakaachana, yule bibi akaanza kuchukua misaada, na sasa kuna barua imekuja na jina lake. Akaniuliza, "Kwani niliandika nini?" Ilibidi nimsomee ukurasa kwa ukurasa kwa simu. Sikuwa nimeshughulikia hiyo faili mimi, lakini tangu siku hiyo sikubali kuandaa karatasi ya sponsa wa pili kabla sijaongea naye mwenyewe, na kama anataka siku mbili azungumze na bwana yake kwanza, tunangoja. Wateja wengine wanakasirika na mimi, wanaona naharibu. Nafikiri mtu anayekupenda vya kutosha kukubebea mzigo wa miaka kumi anastahili kuambiwa ni miaka kumi.

Njia ya tatu ni mali. Pesa za benki, nyumba, ardhi, na vinaweza kuwa vya mume au vya mke anayekuja, hata vikiwa huku Kenya, mradi vinaweza kugeuzwa pesa taslimu ndani ya mwaka mmoja na hiyo pesa iweze kutoka nchini. Anayeletwa na bwana au bibi aliye raia anahitaji mali mara tatu ya pengo, yaani kile mapato yanapungukiwa kufika kiwango, anayeletwa na mwenye grin kadi mara tano. Kama raia hana mapato kabisa, kwa kiwango cha 2025 pengo la watu wawili ni 26,437 yote, mara tatu ni 79,311, hiyo inapita shilingi milioni kumi. Hapo ndipo mtu ananiambia, tuna shamba. Naomba taitol. Taitol inakuja, jina lililoandikwa ni la babu aliyezikwa 1994 na kesi ya urithi haijawahi kufunguliwa, na kuna wajomba wanne. Hilo shamba ni lenu kwa mila na mimi siwezi kubisha, lakini kwa faili hii ni sufuri. Hata likiwa kwa jina lako, shamba la kilimo kuliuza lazima lipite bodi ya ardhi na mwenzako wa ndoa akubali, kwa hivyo hiyo "ndani ya mwaka mmoja" uithibitishe vizuri, na hati ya mthamini iwepo. Akiba ya benki inahitaji stetimenti za miezi 12, hizi pesa za harambee zilizoingia Jumanne na zitarudishwa Ijumaa zinaonekana kwa macho tu.

Kuhusu ushuru, hapa tumezoea kupiga nil ritani tarehe 30 Juni usiku na maisha yanaendelea. Kule kama mapato yako ni madogo hadi sheria haikulazimishi kufaili, andika barua ueleze hivyo na uiambatanishe. Lakini ukijiajiri na ukabaki na dola 400 au zaidi, lazima ufaili. Na wale raia wa Marekani waliorudi wakajenga Milimani wanaishi na bibi huku, nyinyi pia mnafaili huko, mapato ya Kenya yakiwemo, na lazima muonyeshe mnarudi kuishi Marekani kabla ya mke au pamoja naye: nyumba mmetafuta, kazi mmeomba, akaunti ya benki iko. Biashara ya Kibuye utakayoifunga ukiondoka haihesabiwi kama mapato. Na kama mwaka jana hukuwa na kazi lakini sasa umeipata, usikate tamaa, wanaangalia mapato ya sasa, weka barua ya mwajiri na peisilipu za miezi sita au zile ulizo nazo.

Tafadhali msinunue sponsa. Kuna mabroka wanauza W-2 ya mtu hamumjui. Ikigunduliwa ni udanganyifu, na huo unaweza kukufungia Marekani maisha yako yote, wakati kukosa pesa kunaweza kurekebishwa. Ukipewa karatasi ya 221(g) kwa intavyu, yaani viza imesimamishwa kwanza, kwa sababu ya mapato, una mwaka mmoja wa kuleta sponsa wa pili.

Walio Kanada wananiuliza pia: kwa mke au mume kule kawaida hakuna kiwango cha chini cha mapato, ila usiwe unaishi kwa pesa za msaada wa serikali, za ulemavu zinakubaliwa, na ahadi ni ya miaka 3. Uingereza ni ngumu zaidi, kiwango cha mapato ya mwaka kilitoka pauni 18,600 kikawa 29,000 tarehe 11 Aprili 2024, na asiye na mapato anahitaji akiba ya pauni 88,500 iliyokaa miezi 6. Kule anti nesi kwa kawaida hawezi kusimama mahali pako. Anayepokea posho fulani za ulemavu au za kumtunza mgonjwa ana utaratibu wake, huyo aniulize kando.

Yule mama wa Maseno makaratasi yake yamekubaliwa, anangoja tarehe ya intavyu ya viza Nairobi. Jana amenitumia meseji, shemeji amepata mchumba na anataka kuhama mwezi ujao, itakuwa aje? Nimemwambia ampigie leo, amuombe kwa upole akae hapo mpaka intavyu ipite, kwa sababu siku atakayohama ile 31,000 inahama naye.