Kamkoda ya fulufremu: unalipia kihisi au unalipia kamera ya video?

Kamkoda ya fulufremu yenye lenzi za kubadilisha ni kamera ya video iliyobeba kihisi (kipande kinachopokea mwanga na kuunda picha) cha milimita 36 kwa 24, kipimo kinachoitwa fulufremu, na ambayo lenzi yake unaifungua ukafunga nyingine. Ndani ya jina hilo refu yamekutana mambo matatu yaliyoishi mbalimbali kwa miaka mingi: mwili wa kamera ya video, kihisi cha kamera ya picha za mnato, na uhuru wa kuchagua lenzi. Anayetaka kuipima kabla ya kutoa fedha afadhali ayatenganishe tena. Wauzaji hulipigia debe la pili, kihisi, ilhali kinachookoa kazi siku ya tukio mara nyingi ni la kwanza.

Tuanze na kihisi, maana ndicho chenye hadithi nyingi. Kipimo cha 36 kwa 24 hakikutoka kwenye sinema. Oskar Barnack, fundi wa kiwanda cha Leitz huko Ujerumani, aliichukua filamu ya sinema ya milimita 35, akaipitisha kwa ulalo ndani ya kamera ndogo ya picha, na kamera hiyo ikaingia sokoni mwaka 1925 kwa jina la Leica. Sinema yenyewe iliendelea kuipitisha filamu ileile wima, kwa hiyo fremu yake ilibaki ndogo, upana wake milimita 25 au pungufu. Kipimo hicho ndicho kilichozaa Super 35, ambacho kamera nyingi za kidijitali za filamu zimekifuata. Basi ukiambiwa kwamba bila fulufremu hupati sura ya sinema, kumbuka kwamba sehemu kubwa ya sinema unazozipenda zilipigwa kwenye eneo dogo kuliko hilo.

Hata hivyo ukubwa una kazi yake. Sony PD170, kamkoda iliyofanya kazi nyingi za habari na harusi miaka ya 2000, ilikuwa na vihisi vitatu vya theluthi ya inchi, kila kimoja karibu milimita 4.8 kwa 3.6. Fulufremu ina eneo mara 50 ya hapo. Tofauti hiyo unaiona kwanza kwenye fokasi. Chukua lenzi ya milimita 85, ifungue hadi f/1.8 (namba ya tundu la lenzi: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga ni mwingi), bibi harusi akiwa mita 2 kutoka ulipo. Eneo lililo kwenye fokasi lina kina cha sentimita 6 hivi: macho yamo, masikio hayamo, na akiinama kukata keki ametoka kabisa. Kwa mkato uleule wa picha na tundu lilelile la f/1.8, kihisi cha theluthi ya inchi kingekupa zaidi ya sentimita 40. Ukungu ule mzuri nyuma ya mtu, ambao wateja wanaupenda, na fokasi inayoponyoka wakati wa kuvishana pete, ni kitu kimoja. Huwezi kununua kimoja ukakiacha kingine.

Ndiyo maana siipendi sana ile kauli kwamba fulufremu inaona gizani kuliko zote. Ni kweli inakusanya mwanga mwingi zaidi lenzi ikiwa wazi sawa. Lakini ukibana tundu ili upate kina kilekile cha fokasi ambacho mwenye Super 35 anacho, umerudisha ile faida ya mwanga karibu yote. Faida halisi ya gizani kwenye kamera hizi imetoka kwingine. Sony FX6, iliyotangazwa Novemba 2020, ina ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) mbili za msingi, 800 na 12,800, na ukihamia ile ya juu chenga, zile punje za picha ya gizani, haziongezeki kama ambavyo mtu angetarajia. Kati ya namba hizo mbili kuna hatua nne za mwanga, kila hatua ikiwa ni maradufu ya iliyotangulia. Maana yake kwa mpiga video ni hii: lenzi ya f/4 kwenye ISO 12,800 inakupa ung'avu ambao kwenye ISO 800 ungehitaji lenzi ya f/1. Ukumbini usiku unaweza kufanya kazi na zumu ya f/4 ukawa na fokasi ya kutosha watu wawili. Hilo lina faida kuliko ukungu.

Historia fupi inasaidia kuelewa kwa nini kamera hizi zilichelewa. Mwaka 2008 Canon 5D Mark II, kamera ya picha, ilianza kurekodi video ya fulufremu ya 1080, na wapiga video wakaikimbilia ijapokuwa klipu moja ilikatika baada ya dakika 12 hivi na sauti yake ilikuwa ya kubahatisha. Mwaka 2012 Sony ikatoa NEX-VG900, kamkoda ya fulufremu yenye lenzi za kubadilisha kwa wanunuzi wa kawaida. Wazo lilikuwa mbele ya wakati. Mdomo wake, yaani mahali lenzi inapofungwa, ulikuwa wa aina ya E, lakini lenzi za E zinazojaza fulufremu hazikuwapo bado. Zilianza kuja mwaka uliofuata pamoja na kamera za picha za Sony A7. Mnunuzi alipewa adapta ili atumie lenzi za kamera za mdomo wa A. Kihisi kikubwa kilikuwapo, familia ya lenzi haikuwapo, wala kichujio cha mwanga cha ndani hakikuwapo.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo zima. Kichujio cha ND, kioo cheusi kinachopunguza mwanga unaofika kwenye kihisi.

Video haina uhuru wa shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, kama picha. Ukirekodi fremu 25 kwa sekunde, shata ya kawaida ni 1/50, ili mwendo uonekane laini. Kwetu Tanzania na Kenya umeme ni wa hezi 50, kwa hiyo 1/50 pia hupunguza taa kupepesa kwenye picha. Sasa toka nje saa saba mchana, jua la utosi. Kanuni ya zamani ya wapiga picha inasema: juani weka f/16, na shata iwe sekunde moja ikigawanywa kwa ISO. Kwa ISO 800 hiyo ni 1/800. Wewe umefungwa kwenye 1/50, hatua nne za ziada, kwa hiyo ungehitaji f/64. Lenzi nyingi huishia f/22. Picha itaungua.

Mwenye kamera ya picha hutoa kioo cheusi mfukoni akakifunga mbele ya lenzi, akibadilisha lenzi anakifungua tena, na kama lenzi ya pili ina kipenyo kingine anatafuta ringi. Bwana harusi hasubiri. Ndani ya FX6 kichujio kimo mwilini, nyuma ya lenzi, na kinabadilika kwa umeme kutoka robo ya mwanga hadi 1/128. Unazungusha gurudumu au unaiachia kamera yenyewe. Ukimfuata mtu kutoka uani hadi sebuleni, mwanga unarekebishika bila tundu kuguswa na bila fokasi kubadilika sura. Canon C80, iliyotoka mwaka 2024, nayo ina ND ya ndani, lakini ni ya vioo vinavyobadilishwa kwa hatua, na kila kinapobadilika picha inashtuka kidogo. Tusitie chumvi, lakini: 1/128 ni hatua saba, na kutoka f/64 hatua saba zinakufikisha f/5.6. Jua la utosi kwenye ISO 800 bado halikupi f/2.8. Subiri alasiri au ongeza kioo.

Ukiona tangazo la kamera ya video ya fulufremu, angalia kama ina ND ya ndani kabla hujasoma lolote jingine. Sony FX3 ya mwaka 2021 ina fulufremu, feni, na kishikio chenye matundu ya XLR (ya waya za sauti za kitaalamu), na bei yake ilitangazwa dola 3,900 hivi dhidi ya 6,000 za FX6. ND haina. Badala yake ina utulizaji wa picha ndani ya kihisi, ambao FX6 haina. Kwa anayetembea na kamera mkononi peke yake, FX3 inaweza kuwa chaguo bora. Kwa anayeweka tripodi na kuingia na kutoka juani, sidhani.

Sauti nitaipitia haraka. Matundu mawili ya XLR yenye umeme wa volti 48 kwa ajili ya maiki, vidude vya kupandisha na kushusha sauti unavyovigusa bila kuingia kwenye menyu, na waya mmoja kutoka miksa ya ukumbi. Kama unarusha matangazo ya moja kwa moja, ongeza SDI, tundu la waya wa kupeleka picha nje, ambayo hufungwa kwa kuzungushwa na haichomoki mtu akijikwaa.

Jambo linalowashangaza waliozoea kamkoda za zamani ni zumu. Kamkoda yenye kihisi cha inchi moja kama Sony PXW-Z90 ina lenzi moja isiyotoka inayokwenda mara 12, mtazamo wake ukiwa sawa na milimita 29 hadi 348 za fulufremu. Umesimama nyuma ya kanisa, unaanza na ukumbi wote, unamalizia na pete. Lenzi ya kawaida inayouzwa pamoja na FX6 ni 24-105 ya f/4, mara nne na kitu. Kihisi kikubwa kinadai kioo kikubwa, na fizikia haina punguzo. Zumu ya umeme ya Sony ya 28-135 ya f/4 ipo tangu 2014, inakwenda vizuri, lakini ina zaidi ya kilo moja peke yake, wakati mwili wa FX6 ni gramu 890. Kufika mbali zaidi unahitaji 70-200, na kila unapobadilisha lenzi kuna sekunde ambazo hukurekodi kitu.

Wengine hujitetea kwamba wataikata picha hadi Super 35, na 200 itakuwa 300. Kwenye FX6 hilo lina mtego: kihisi chake kina pikseli milioni 10 tu zinazotumika, kwa hiyo ukiwasha Super 35 unarekodi HD, si 4K yenye pikseli nyingi zaidi. Sony FX9, ambayo kihisi chake ni cha 6K, inakata na kubaki na 4K. Pikseli chache za FX6 ndizo zinazochangia uhodari wake gizani. Huo ndio mkataba.

Halafu kuna kadi. 4K ya fremu 25 kwa XAVC-I, mpangilio mzito wa kurekodi wa Sony, ni megabiti 250 kwa sekunde, yaani gigabaiti 112 hivi kwa saa. Harusi ya saa sita inakaribia 675, na ukirekodi kwenye kadi mbili kwa pamoja kwa usalama, zidisha mara mbili. Mpangilio mwepesi wa megabiti 100 unashusha saa moja hadi gigabaiti 45, na kwa hotuba ndefu za wazee sioni dhambi kuutumia.

Kabla ya kununua, ikodi kamera hiyo kwa shughuli mbili zenye malipo madogo, moja ya mchana nje na nyingine ya usiku ukumbini, ukiwa na lenzi zilezile unazotarajia kumiliki. Kisha kaa na mhariri wako mtazame mikanda yote bila kuruka: ni mara ngapi fokasi ilikimbia, ni mara ngapi ulikuwa unabadilisha lenzi wakati jambo linatokea, ni mara ngapi uligusa ND. Kama ND hukuigusa na fokasi ilikukimbia kila mara, kamkoda ya inchi moja bado inakutosha, na tofauti ya bei itanunua taa mbili nzuri na maiki.