Je, wajua kwa nini babu hukosea mwaka lakini hakosei mbalamwezi?

Familia ikiamua kumwandikia mzee wake kijitabu cha maisha, kazi huenda hivi: mjukuu anarekodi kwa simu, anaandika alichosikia, zinapatikana kurasa kumi au ishirini, kisha anakaa kuzihariri kabla ya kuzipeleka stesheneri zikachapwe na kuwekewa jalada. Anapohariri anakutana na maneno kama haya, tuseme ya mzee wa Kigoma:

"Mwaka 1974, vita vya Amini vimeanza, nikapanda treni Tabora nije kumposa bibi yenu. Mvua zimekolea. Usiku ule hakuna aliyekwenda ziwani, mbalamwezi imewaka kama mchana."

Mjukuu anashtuka. Vita vya Kagera, vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, vilianza mwishoni mwa Oktoba 1978. Anafuta 1974, anaandika 1978. Kwa kuwa sasa hamwamini sana mzee, na kurasa zimezidi, anaikata na mbalamwezi, maana anaiona ni pambo. Namba imenyooka na ushahidi umetupwa.

Wengi tunaamini kwamba tukio likiingia kichwani huingia pamoja na tarehe yake, na kwamba tarehe ikipotea basi tukio lenyewe nalo limeanza kuoza. Ndiyo maana kosa la mwaka humtia mhariri hofu: kama mwaka tu umemshinda, mwezi atauweza? Lakini kama kumbukumbu zingefanya kazi hivyo, anayekosa mwaka angekosa mwezi zaidi, na saa ndiyo asingeigusa kabisa. Mambo huwa kinyume. Januari 1986 tetemeko la ardhi lilipita jimbo la Ohio, Marekani. Miezi kadhaa baadaye mwanasaikolojia William Friedman aliwauliza watu lilitokea lini. Saa ya siku waliikadiria vizuri, mwezi wakaukosa. Kidogo kilibaki, kikubwa kikapotea. Mwanamke anayesema "ilikuwa asubuhi, nimebandika chai, ila mwaka sijui" hajachanganyikiwa. Ndivyo watu wanavyokumbuka.

Sababu ni kwamba mwaka haukumbukwi, unatafutwa. Fikiria mgeni anayeulizia nyumba Ujiji. Hakuna atakayemtajia namba ya kiwanja. Ataambiwa: shuka kama unakwenda ziwani, pita msikiti, ukiona mwembe mkubwa ingia kushoto, uliza hapo. Namba ya kiwanja ipo, imeandikwa ofisini, ila haimo kichwani mwa anayeelekeza. Kichwani mna msikiti na mwembe. Ukimbana akutajie namba, atakupa ya kubahatisha ili umwache aendelee na shughuli zake, na utakapogundua si yenyewe, hilo halitamaanisha kwamba mwembe haupo. Mzee aliyeulizwa "mwaka gani, babu?" anafanya vivyo hivyo. Anashika alama alizo nazo, yaani mvua, vita, treni na mbalamwezi, anakisia, na anakutajia 1974 kwa heshima ya swali lako.

Kuwa na daftari nako hakutoshi. Stanley na Livingstone walikutana Ujiji, wote wawili wakiandika shajara. Stanley alichapisha kwamba ilikuwa tarehe 10 Novemba 1871. Kwa hesabu ya Livingstone, aliyekuwa ameugua njiani na kupoteza idadi ya siku, ilikuwa bado ni mwishoni mwa Oktoba. Mahali walipokutana hawakubishania.

Sasa turudi kwa mzee na mbalamwezi yake. Dagaa wa Kigoma huvuliwa usiku kwa taa, zamani zikiwa karabai. Mwanga ndio unaowavuta juu. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, hivyo wavuvi hubaki nchi kavu siku kadhaa, wanashona nyavu, wanalala, na wenye bahati wanaposa. Kwa hiyo "hakuna aliyekwenda ziwani" ni tarehe. Kama vita ndiyo kwanza vimeanza na mvua zimekolea, tumo Novemba au Desemba 1978, na miezi hiyo mwezi ulipevuka tarehe 14. Mtu aliyekosea kwa miaka minne ametupa majuma mawili ya kuchagua. Kwa maoni yangu hilo linafurahisha kuliko mwaka sahihi.

Kabla ya kushangilia, kuna tatizo. Septemba 1972 wafuasi wa Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, waliivamia Uganda kutokea Tanzania, na ndege za Amin zikapiga mabomu Bukoba. Hivyo navyo mzee anaweza kuviita vita vya Amini. Tena matukio makubwa yana tabia ya kuvuta madogo yaliyotokea jirani, hata posa ya mwaka uliotangulia ikajikuta imo vitani. Na tafiti nyingi za mambo haya zimefanywa kwa watu wa Marekani na Ulaya, wenye kalenda ukutani, hazikumuuliza mvuvi.

Tiba ni kumwuliza mzee kitu kisichokuwa namba. "Babu, mlikuwa mmeshahamishiwa kijiji kipya?" Kama kwao Operesheni Vijiji, ile ya kuhamishia watu vijijini miaka ya 1970, ilikuwa imepita, huenda 1972 ikaondoka yenyewe. Kwa habari za zamani zaidi, uliza pesa: senti tano yenye tundu ni ya sarafu ya Afrika Mashariki, na Tanzania ilianza kutoa shilingi yake Juni 1966. Kwa watoto, kadi ya ubatizo au ya kliniki inamaliza ubishi.

Kwenye ukurasa, acha maneno ya mzee yalivyo, pamoja na 1974 yake, halafu weka tanbihi fupi chini: "Huenda ni Novemba au Desemba 1978." Ukikata kwa sababu ya nafasi, kata hotuba kuhusu vijana wa siku hizi, hiyo wajukuu wanaisikia bure kila Jumapili. Mvua usiiguse. Na bibi akisoma rasimu akasema mbalamwezi ipo kweli lakini ilikuwa Januari, usimkatalie haraka, maana tarehe 13 Januari 1979 mwezi ulikuwa mpevu pia. Ongeza tanbihi ya pili, uandike ni yake.