Macho ya njano baada ya ICU

Mgonjwa katoka ICU (chumba cha wagonjwa mahututi), wiki chache baadaye macho ni ya njano, mkojo kama chai ya rangi. Nyumbani anatengewa kikombe na sahani: "Homa ya ini hiyo, itatuambukiza." Si lazima iwe homa ya ini, na vipimo vitaonyesha. Seli za ini hupata damu kwa njia mbili. Mirija inayotoa nyongo kwenye ini hutegemea njia moja tu, ateri (mshipa unaoleta damu kutoka moyoni). Presha ikishuka mno, mtu akiwa kwenye mashine ya kupumulia siku nyingi, kuta za mirija hufa, hubanduka na kuiziba, nyongo hurudi kwenye damu na macho huwa njano. Ugonjwa huu hauambukizi hata kidogo. Ila ni mkali, tusidanganyane: makovu yanayobaki kwenye mirija hayafutiki. Kuzibua kwa kamera inayopitishwa mdomoni huleta nafuu ya muda, na wengi huishia kuhitaji kupandikizwa ini.