Je, wajua kwa nini hati moja ya kiapo inaweza kutosha pale ambapo kesi ya mirathi ingehitajika?

Mtu akifariki na kuacha akiba ndogo benki, watu wake hufika kaunta na cheti cha kifo mkononi wakidhani kinatosha. Karani anawapa pole, kisha anawataka walete barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Wanaudhika, na wana haki ya kuudhika: ada, wakili na miezi ya kungoja vinaweza kuimeza akiba yenyewe kabla haijamfikia yeyote. Lakini karani naye ana hoja. Cheti cha kifo kinasema mwenye akaunti amefariki. Hakisemi fedha zake sasa ni za nani. Benki ikimlipa mtoto aliyewahi kufika, halafu wiki ijayo mjane akaja na wosia, huenda ikalazimika kulipa tena, safari hii kutoka mfukoni mwake.

Hofu hiyo ya kulipa mara mbili ndiyo inayoeleza karibu kila kitu katika jambo hili. Mahakama inapomteua msimamizi wa mirathi, inampa kila mwenye kushika mali ya marehemu mtu mmoja wa kumlipa kwa usalama. Ukishamlipa huyo, umemalizana na marehemu. Warithi wakigombana, wataulizana na msimamizi. Ni utaratibu mzuri, ila hatua zake ni ndefu hata pale ambapo kilichoachwa ni mshahara wa mwezi wa mwisho na gari kuukuu.

Ndiyo maana sheria za nchi kadhaa zimeweka njia fupi kwa mirathi ndogo. Marekani, ambako kila jimbo lina sheria yake ya mirathi, mengi yamefuata kwa namna moja au nyingine sheria ya mfano, yaani rasimu ambayo kila jimbo linaweza kuiiga likitaka, iliyotungwa mwaka 1969. Humo mrithi anangoja siku 30 tangu kifo, kisha anaapa kwa maandishi kwamba thamani ya mali haizidi kiwango kilichowekwa, kwamba hakuna aliyeomba usimamizi mahakamani, na kwamba yeye ndiye mwenye haki ya kupokea. Anaipeleka hati hiyo benki au kwa mwajiri, na anakabidhiwa.

Kinachoipa karatasi hiyo nguvu ni kifungu kinachofuata. Kinasema kwamba aliyekabidhi mali kwa kuitegemea hati hiyo anahesabika kama aliyemkabidhi msimamizi halali, na halazimiki kuchunguza ukweli wa yaliyoapwa. Hapo hofu ya karani inaisha. Lakini haijayeyuka, imehamia begani mwa aliyeapa. Yeye sasa ndiye anayewajibika kwa mrithi mwenye haki zaidi akijitokeza, na kwa msimamizi iwapo atateuliwa baadaye. Naona jambo hili halisemwi vya kutosha: watu huambiwa kwamba njia hii ni rahisi, wakaweka sahihi kama wanaojaza fomu ya kawaida, kumbe wamejitwika mzigo ambao zamani ulibebwa na mahakama. California, kwa mfano, aliyechukua mali kwa udanganyifu kupitia hati hii anaweza kudaiwa mara tatu ya thamani yake. Jimbo hilohilo linaubana upande wa pili pia: mwenye kushika mali akikataa kuikabidhi bila sababu ya maana, mahakama inaweza kumtoza gharama za wakili wa mrithi.

Na kungoja kote huko ni kwa nini? Ni nafasi ya wosia kuonekana, na ya mrithi mwingine au mdai kwenda mahakamani kabla mali haijagawanywa. California siku zenyewe ni 40.

Swali gumu zaidi ni nini maana ya "ndogo". California, kwa vifo vya kuanzia tarehe 1 Aprili 2025, kikomo ni dola 208,850, na hurekebishwa kila baada ya miaka mitatu kufuata bei za vitu. Texas ni dola 75,000, na huko njia hii ni ya aliyefariki bila wosia, huhitaji mashahidi wawili wasio na maslahi katika mirathi, na lazima hakimu aidhinishe. Scotland kikomo ni pauni 36,000, na ofisi ya karani wa mahakama humsaidia mrithi kujaza fomu ili asilazimike kukodi wakili. Uingereza kuna sheria ya mwaka 1965 inayoruhusu baadhi ya taasisi kulipa kiasi kisichozidi pauni 5,000 bila hati ya mahakama, na kikomo hicho hakijapandishwa tangu mwaka 1984. Kikomo kisichotembea na bei hupungua chenyewe mwaka hadi mwaka, na familia zilizokusudiwa kusaidiwa hujikuta zimesukumwa nje.

Hata namna ya kuhesabu hutofautiana. Ile sheria ya mfano ya Marekani inatoa kwanza madeni yaliyofungwa kwenye mali, kama rehani. California inahesabu thamani nzima bila kuyatoa. Kwa hiyo mirathi ileile inaweza kuwa ndogo huku na kubwa kule. Kwa upande mwingine, akaunti ya pamoja ambayo hubaki kwa aliye hai, au bima yenye jina la mpokeaji, kwa kawaida haimo kwenye hesabu, kwa kuwa hupita moja kwa moja bila kuingia kwenye mirathi.

Ardhi mara nyingi huachwa nje ya hati ya kiapo, au hupewa ombi lake fupi mbele ya hakimu. Fedha zilizomfikia asiyestahili zinaweza kurudishwa. Ardhi ikishauzwa kwa mtu wa tatu, kosa la mwanzo linaandamana na kila mnunuzi anayefuata.

Palipo na ugomvi, mtoto mdogo asiye na wa kumsemea, au madeni ambayo hakuna ajuaye kina chake, mimi ningeenda mahakamani hata kama kiwango kinaruhusu njia fupi. Na ikigundulika baadaye akaunti ambayo hakuna aliyeijua, na jumla ikavuka kikomo, njia fupi inafungwa: huombwa msimamizi kwa utaratibu wa kawaida, na aliyekwisha kupokea kwa hati ya kiapo hutoa hesabu kwake.