Muziki wa vipande: yanayosemwa kijiweni Mtwara na yalivyo kweli

Jioni moja kijiweni kwetu Chikongola nilichomeka fleshi kwenye spika nikaachia Donuts, albamu ya J Dilla, produza wa hip hop wa Detroit, Marekani, aliyejenga biti kwa sampo, yaani vipande vilivyokatwa kwenye rekodi za watu wengine. Ina nyimbo 31, nyingi hazifiki dakika mbili, na hakuna anayesimama kuchana mistari mwanzo mpaka mwisho. Hatujafika wa tano, nilikuwa nimeshaambiwa mambo kadhaa kwa uhakika wa mtu aliyekuwepo studio. Kubishana pale ni kazi, spika ilikuwa kubwa. Nayajibu hapa.

“Jazz? Si uweke Mbaraka!”

Nilikuwa nimetaja kwamba biti za namna hii huchota pia kwenye jazz. Kosa hili nalielewa, maana sisi neno jazz tulilikuta kwenye majina ya bendi: Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Western Jazz, na Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande, yenye jina la majirani zetu wa Lindi. Bendi hizo zilipiga dansi, magitaa yakiwa na ladha ya rumba, vyombo vya kupuliza vikijibizana juu yake. Jazz ya Marekani ni kitu kingine: wapigaji wanakubaliana wimbo, kisha kila mmoja anapata zamu ya kuuacha na kutunga papo hapo. Katikati ya safari hizo hubaki upenyo, besi peke yake au gitaa peke yake, na hapo ndipo produza wa hip hop anapoingiza mkono. “Runnin’” ya kundi la hip hop The Pharcyde, ya mwaka 1995, Dilla aliijenga juu ya gitaa kutoka rekodi ya jazz ya Stan Getz na Luiz Bonfá ya 1963. Donuts yenyewe imeegemea zaidi soul, ambako anavuna sauti za waimbaji.

“Kaunganisha tu nyimbo za watu”

Sikiliza “Don’t Cry” ndani ya Donuts. Dilla anauacha kwanza wimbo wa The Escorts, kundi la soul, ujiendee wenyewe, kama fundi cherehani anayekutandazia kitambaa kabla hajashika mkasi. Kisha anaukatakata: silabi huku, pigo la ngoma kule, anavipanga upya mpaka sauti zilezile zinalia kwa mwendo mwingine kabisa. Yaani kakuonyesha alichokichukua, halafu kakuonyesha alichokifanya.

Mimi nilijaribu kwa kanda ya mjomba, dansi la zamani. Nilichokitaka ni tarumbeta moja, sekunde moja na nusu, basi. Ikanila jioni nzima. Nyuma ya tarumbeta kuna mtu anacheka ukumbini; ukikata mapema tarumbeta inakosa pumzi, ukichelewa kicheko kinaingia. Nikakiacha kiingie. Sasa kila nikiipiga biti ile, watu hawaulizi tarumbeta, wanauliza nani anacheka.

“Mashine inafanya yenyewe”

SP-1200, sampla (mashine ya kunasa na kucheza vipande vya sauti) iliyotoka 1987 na kubeba hip hop nyingi ya New York, ilihifadhi sekunde kama 10 tu za sauti. Maproduza wakawa wanazungusha santuri ya mwendo wa 33 kwa 45 ili kipande kiingie kwa muda mfupi, kisha wanakishusha mwendo ndani ya mashine. Ile sauti nzito yenye vumbi ambayo leo vijana wanaitafuta kwa programu ilizaliwa na ufinyu wa nafasi.

Dilla alipenda sampla nyingine, MPC3000. Mashine hiyo inaweza kuyanyoosha mapigo yakakaa sawasawa na saa. Yeye mengi aliyaacha yapepesuke, jingine likiwahi, jingine likichelewa kidogo. MPC yake sasa iko kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington. Mimi niligundua maana ya jambo hilo kwa aibu. Nilirekodi sindimba kwa simu huko Newala, nikarudi nyumbani nikayanyoosha mapigo yote, nikaona nimefanya kazi safi. Mjomba akasikiliza hadi mwisho, akauliza: “Huyu mpigaji kafanywa nini? Mbona kama anasimamiwa na polisi?” Nikayarudisha yalivyokuwa.

“Chini ya sekunde tano ni bure”

Hii inaimbwa kila studio ya chumbani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 haina kipimo cha namna hiyo. Halafu wimbo una haki mbili, ya aliyetunga na ya mwenye rekodi, na kila moja ina mlango wake wa kubisha. Haki ya mtunzi inadumu maisha yake na miaka 50 baada ya kifo, kwa hiyo Mbaraka, aliyefariki 1979, bado si shamba la bure. Hata ngoma za jadi zinalindwa na sheria hiyo zinapoingizwa kwenye biashara.

Upande wa pili, kusema kila sampo ni wizi nako ni uongo. Mwaka 2003 Madlib, produza mwingine wa Marekani, alitoa albamu ya Shades of Blue baada ya Blue Note, lebo ya jazz, kumfungulia stoo yake mwenyewe. Dhuluma ipo, lakini. Zile sekunde chache za ngoma katika “Amen, Brother” ya bendi ya The Winstons, ya 1969, zimetumika kwenye nyimbo zisizohesabika, na mpigaji wake, Gregory Coleman, alikufa bila kulipwa chochote kwa ajili yake.

“Donuts yote aliitengenezea kitandani hospitali”

Hata wapenzi wa kweli wanaisema. Albamu ilitoka tarehe 7 Februari 2006, siku aliyotimiza miaka 32, na siku tatu baadaye akafariki, hivyo hadithi imejijenga yenyewe. Dan Charnas, aliyeandika maisha yake, anaonyesha kwamba sehemu kubwa ilitoka kwenye mkusanyo wa biti aliokuwa ameshautengeneza, na Jeff Jank wa Stones Throw, lebo iliyoitoa Donuts, akasaidia kuuhariri ufikie urefu wa albamu. Kuumwa aliumwa sana, hilo halibishaniwi.

Biti ya kicheko bado iko kwenye fleshi. Ningependa kuitoa, lakini kwanza nimpate mwenye tarumbeta, na lebo ya kanda ya mjomba imechanika. Jina la bendi halisomeki. Limebaki neno moja tu, Jazz.