Oili ya steringi haiishi yenyewe: dhana zinazowatia hasara wenye magari

"Oili ya steringi hupungua tu, ni kawaida." Hii ndiyo dhana mama, na zilizobaki karibu zote zimezaliwa nayo. Pampu huvuta oili kwenye kikopo, huisukuma kwa presha mpaka kwenye reki (kifaa kinachogeuza magurudumu ya mbele), kisha oili hiyohiyo hurudi kikoponi kwa paipu nyingine. Hakuna mahali inapochomwa. Kiwango hupanda na kushuka kidogo kwa sababu ya joto, na ndiyo maana vikopo vingi vina alama mbili, ya gari likiwa baridi na ya gari likiwa moto. Ukijikuta unaongeza kila mwezi, jua kuna mahali panavuja, na kazi yako ya kwanza ni kupatafuta, siyo kununua chupa nyingine.

"Chini ya gari pakavu, basi haivuji." Hapa ndipo wengi wanapopotea. Reki ina mipira miwili ya kuzuia vumbi yenye mikunjo, mmoja kila upande, na ndani yake ndimo sili (vipete vya mpira vya kuzuia oili isitoke) za mwisho wa reki zinapovujia. Mpira ukiwa mzima huhifadhi ile oili. Gari linaweza kukaa wiki nyingi bila kudondosha hata tone huku kikopo kinashuka. Minya mpira kwa vidole. Ukisikia kitu kinachezacheza ndani, legeza klipu, uvute mpira nyuma, na uweke beseni chini. Ndani panatakiwa kuwa na grisi kidogo tu. Oili ikimwagika, sili imekufa. Jambo moja la kuangalia: kwenye magari mengi mipira hii miwili imeunganishwa kwa kipaipu cha hewa, hivyo oili ya upande mmoja yaweza kuhamia wa pili. Usimhukumu wa kushoto kabla hujamfungua wa kulia.

"Reki imelowa, kwa hiyo reki ndiyo mbovu." Sikubaliani na fundi anayetoa hukumu hii bila kuosha kitu. Oili hutiririka kwenda chini, na upepo wa safari huipeleka nyuma, kwa hiyo sehemu iliyolowa zaidi mara nyingi ni pale ilipofikia tu. Tafuta sehemu ya juu kabisa yenye unyevu. Osha eneo lote kwa dawa ya kutoa grisi, kausha, washa gari, mtu mmoja akate usukani kulia na kushoto huku mwingine akimulika kwa tochi. Angalia paipu ya presha pale mpira unapobanwa na chuma. Angalia klipu za paipu ya kurudishia, ambayo mpira wake hukakamaa kwa miaka. Angalia nyuma ya pulii ya pampu, kwa sababu sili ya shafti ikichoka hurusha oili kwenye mkanda. Usipapase paipu ya presha kwa mkono gari likiwa linaunguruma. Tairi la gari dogo hujazwa psi 30 na kidogo, wakati pampu hii, usukani ukiwa umefika mwisho, inaweza kuvuka psi 1,000.

Nimeona watu wakitoka Gerezani, mtaa wa vipuri Dar es Salaam, na reki ya mtumba begani, kumbe klipu ya paipu ya kurudishia ndiyo ilikuwa imelegea. Inauma, kwa sababu reki ikishabadilishwa lazima na magurudumu yapimwe alaimenti (kunyooshwa yaelekee sawa), gharama juu ya gharama.

"Badilisha sili, reki itapona." Inaweza, kama shafti ya reki bado inang'aa. Mpira wa vumbi uliochanika huingiza maji na mchanga, shafti inapata kutu na vijishimo, na sili mpya ikipita juu yake huchanika upya. Pitisha ukucha juu ya shafti kabla hujalipia sili. Ukucha ukikwama popote, hapo reki nyingine ni haki yako.

"Oili yoyote nyekundu inafaa." Toyota nyingi zenye pawa ya haidroliki (steringi inayosaidiwa na oili) hutumia ATF, yaani oili ya gia za otomatiki, ya Dexron II au III. Honda hutaka oili yake maalumu. Magari kadhaa ya Ujerumani hutumia ya kijani, CHF 11S. Soma kifuniko cha kikopo au kitabu cha gari. Na anayekushauri utie oili ya breki kidogo ili sili zivimbe, mkatalie kabisa: oili ya breki, kama DOT 3, haipatani na mpira wa sili hizi, huufanya uvimbe, ulainike, kisha uoze. Dawa za kuziba mvujo ni jambo lingine. Zinaweza kusaidia kwa muda sili iliyokakamaa, ila paipu iliyopasuka haziiwezi.

"Pampu inalia, pampu imekufa." Mlio mkali wa ghafla unapokata kona mara nyingi ni mkanda. Mlio wa kuguna unaopanda na mzunguko wa injini, huku oili ina povu, ni hewa. Kwenye Honda nyingi za miaka ya 2000, kama CR-V na Accord, oringi ndogo (pete ya mpira) ya paipu inayoingia kwenye pampu hukauka na kuvuta hewa bila kumwaga oili ya kuonekana. Badilisha oringi kwanza.

Gari lako likiwa Axio, Fit au Prius, steringi ni ya umeme na haina oili kabisa; tone lolote la chini linatoka kwingine.

"Ikikauka, usukani utakuwa mzito tu." Kweli gari bado litageuka. Lakini oili ndiyo inayolainisha pampu, na pampu kavu husagika, vumbi lake la chuma likaingia kwenye reki. Tena oili ikidondokea ekzosi ya moto inaweza kuwaka.

Ukishatengeneza, toa hewa: inua magurudumu ya mbele kwa jeki, weka vigingi vya kulishikilia gari, injini ikiwa imezimwa kata usukani taratibu mwisho hadi mwisho, ongeza oili kila inaposhuka. Povu likiisha, washa, rudia bila kuushikilia usukani mwisho zaidi ya sekunde chache, na upime tena kesho yake gari likiwa baridi.